Tenga la Aproni Chafu

Magoti ya Shefu yalistaafu kabla yake, tena bila kuaga. Asubuhi moja aliinama kuokota kifuniko cha sufuria chini ya meza, katika jiko la hoteli kubwa alilolitawala kama mfalme mdogo mwenye hasira, akabaki huko huko chini. Vijana wake walidhani anatafuta kitu, wakaendelea kukata vitunguu. Mchuzi ulipoanza kuungua na yeye asimtukane mtu yeyote, ndipo walipojua kuna msiba. Wakamshika makwapa, mmoja huku mmoja huku, wakamketisha juu ya gunia la viazi.

Daktari alimpiga picha, akaitazama kwa huruma ya fundi aliyeletewa gari lisilofaa hata kwa vipuri. Akasema magoti haya yamesimama vya kutosha kwa maisha ya watu wawili, na kwamba mwenye magoti atafute kazi yenye kiti.

Kazi yenye kiti! Ni sawa na kumwambia samaki atafute kazi yenye ngazi. Shefu alikuwa hajakaa chini jikoni tangu ujana wake, isipokuwa siku aliyoletewa habari ya kifo cha baba yake, na hata siku hiyo alinyanyuka kabla wali haujakauka. Hoteli ilimuaga kwa keki. Keki yenyewe ilikuwa ya kununuliwa, kavu kama tofali, na yeye mwenyewe ndiye aliyeombwa kuikata kwa kuwa ana mkono mzuri. Akaikata vipande sawasawa, akawagawia, akatoka na kofia yake nyeupe ndani ya mfuko wa nailoni.

Mkewe alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni. Kwa hiyo mume asiye na kazi alikuwa akikaa kati ya vitambaa na kumwambia namna ya kuendesha sindano. Mkewe alivumilia siku chache. Kisha akamletea habari ya semina.

"Nenda," alisema na pini mdomoni. "Inahusu watu kama wewe."

"Watu kama mimi ni watu gani?"

"Wanaonifundisha kushona."

Semina ilikuwa ya wapishi walioacha jiko au walioachwa na jiko. Walijaa ukumbini kwenye viti vya plastiki: mwoka mikate aliyekohoa unga wa miaka yote, mchoma nyama ambaye moshi ulikuwa umemnyang'anya macho, na wengine wengi wenye makovu mikononi. Mbele yao alisimama kijana mwenye suti ya kubana na imani kubwa.

"Msiseme mimi ni mpishi tu!" alisema kijana. "Ninyi mna ujuzi unaohamishika!"

"Unahamia wapi," akauliza mchoma nyama, "na nauli analipa nani?"

Ukumbi ukacheka. Kijana naye akacheka, maana alikuwa amefundishwa kucheka, kisha akamnyooshea Shefu kidole. "Mzee wangu pale. Jikoni ulikuwa unafanya nini hasa?"

"Nilikuwa nagombana."

"Na nani?"

"Na watu. Na saa ya ukutani."

"Safi sana! Huo ni uongozi, na huo mwingine ni usimamizi wa muda. Na nini tena?"

"Naonja."

"Udhibiti wa ubora!"

"Na kumrushia mtu mwiko?"

Kijana akafikiri kidogo. "Huo," akasema, "uache nyumbani."

Lipo jambo moja ambalo Shefu hakulitaja ukumbini, ingawa ndilo alilolijua kuliko yote. Shefu alikuwa bingwa wa kuficha.

Mwenye hoteli hakupenda kuona chakula kinatupwa, na nyama iliyolala siku nyingi bado ni chakula, ukiwa na viungo vya kutosha na moyo mgumu. Kwa hiyo Shefu alilipanga jiko lake kama jeshi. Mlinzi wa getini akiona gari la Bwana Afya, yaani mkaguzi wa serikali, alipiga simu jikoni, na aliyepokea alipaza sauti: "Shangazi ameleta mboga!" Hapo kila mtu alijua zamu yake. Mmoja alitupa vitunguu saumu kwenye mafuta ya moto ili harufu moja ifunike nyingine. Mmoja alimwaga maji yanayochemka sakafuni ili mvuke upande na wageni wabaki mlangoni wakipangusa miwani. Mmoja, mwenye sura ya malaika, alikwenda mbele na sahani ya kuonja. Na ile nyama iliyozeeka ilizikwa ndani ya tenga kubwa la plastiki lenye magurudumu, chini ya aproni chafu na vitambaa vilivyolowa mafuta, kwa sababu hakuna mtu mwenye shahada atakayetumbukiza mkono humo. Kazi ya kulisukuma tenga mpaka nje kwa mlango wa nyuma, Shefu hakumwachia mtu. Aliifanya mwenyewe miaka nenda miaka rudi, taratibu, huku akipiga mluzi. Ile sentensi ya shangazi ilikuwa haijaisha kusemwa, mikono yake imeshashika mpini.

Alijigamba kwamba hakuna mteja aliyewahi kufa kwa chakula chake. Angalau hakuna aliyerudi kulalamika kuwa amekufa.

Sasa ujuzi wa namna hiyo, ukimuuliza kijana wa suti, unahamia wapi? Unahamia upande wa pili wa mlango. Idara ya afya ilikuwa inatafuta mkaguzi msaidizi mwenye uzoefu wa jikoni, na Shefu akaomba, akaitwa, akachukuliwa kwa majaribio.

Mkuu wa wakaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na tochi isiyotoka mkononi hata mchana wa jua kali. Wote walimwita Bibi Afya. Hakuwa mtu wa mzaha, lakini hakuwa mtu mbaya. Siku ya kwanza alimwonyesha Shefu chumba mwishoni mwa korido, na ndani ya chumba meza, na nyuma ya meza kiti chenye mto.

"Kiti chako," alisema. "Kwa sasa cha kuazima. Nikiridhika nawe, nitakuthibitisha kazini na kitakuwa chako mpaka uzeeke. Sheria yangu moja tu. Tukifika mahali pa ndugu yako, unaniambia kabla hatujaingia, na wewe unabaki kwenye gari. Ukinificha, umemwaga unga."

"Nimekuelewa, mama."

Alikaa. Magoti yakalia kwa furaha. Shefu, aliyekuwa hajaomba kitu chochote kwa Mungu tangu siku ya harusi yake, aliomba hapo hapo kwamba kiti hiki asikipoteze.

Na kwa kweli alifanya kazi. Alikuwa akiingia jikoni kwa watu na kusimama tu, pua juu, kama mtu aliyerudi kwao. Kwenye kantini moja alitazama dari, akaona alama za vidole kwenye ubao mmoja, akaomba ngazi. Maziwa yaliyooza yakashushwa kutoka huko kama mgonjwa. Mahali pengine alisikia vitunguu saumu vikikaangwa saa ambayo hakuna mtu mwenye akili anayekaanga vitunguu saumu, akatabasamu, akauliza friza ya pili iko wapi. Bibi Afya alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu aliyeokota simu mpya barabarani.

Wapishi nao walimtazama kwa macho yao. Zamani hakuna jiko mjini ambalo Shefu angeingia na kukosa upawa wa kwanza. Sasa hakuna aliyempa hata maji. Mpishi mmoja aliyewahi kufanya kazi chini yake alimsindikiza mpaka mlangoni, akasema kwa adabu zote, "Shefu, ulitufundisha kupita mlango huu. Sasa umekuja kuupiga misumari."

"Tupa nyama mbovu, hutaona misumari."

"Wewe ulikuwa unaitupa?"

Shefu aliingia kwenye gari.

Kimbilio lake lilikuwa Jumapili, kwa mama mkwe wake. Huko walikula jikoni, wote, juu ya vigoda na ndoo zilizogeuzwa, na huko hakuna aliyemwita mkaguzi. Mama mkwe alimpenda mkwe wake wazi wazi, mpaka mabinti zake wakaona wivu, kwa sababu ndiye aliyempa kazi kitindamimba wake. Huyo kitindamimba walimwita Kijiko. Alipoingia kwenye jiko la hoteli akiwa hajui kuwasha gesi, alitembea na kijiko mfukoni mwa shati, akionja kila sufuria kama nyuki. Shefu alimtukana, akamfundisha, akamtukana tena, na mwishowe Kijiko akawa mpishi kamili na kufungua mgahawa wake karibu na ofisi za mjini. Kuta za bluu, meza chache, na mama mkwe kwenye kiti pale mlangoni, akiwakaribisha wateja kama wamekuja kumposa.

"Shemeji umenenepa," Kijiko alimwambia Jumapili moja. "Hicho kiti cha serikali kinakulisha nini?"

"Kinanilisha amani. Wewe hujaijua."

"Amani inakaa tumboni?"

"Mwacheni mkwe wangu!" alisema mama mkwe. "Huyu ndiye aliyekuonyesha kisu kinashikwa wapi. Bila yeye ungekuwa unashika makali mpaka leo."

Wote wakacheka, na Shefu akacheka kuliko wote.

Alhamisi ya wiki hiyo, Bibi Afya aliingia chumbani kwake akiwa na tochi kwapani.

"Kuna makarani jana walikula chakula cha mchana mahali, na jioni wakapanga foleni chooni, ofisi nzima. Mgahawa wa bluu, ule wenye bibi mlangoni. Kesho tunaanza na huo." Akageuka kutoka, kisha akakumbuka. "Na wiki ijayo nakuthibitisha. Nimeshaamua. Usiniangushe kesho."

Hapo ndipo Shefu alipopaswa kufungua mdomo na kusema maneno manne: ni kwa shemeji yangu. Mdomo aliufungua. Lakini akapiga hesabu za haraka kama za mpishi ambaye wageni wameongezeka. Akisema, atabaki kwenye gari, na Bibi Afya ataingia peke yake na tochi yake. Atakuta atakayoyakuta, na mgahawa utafungwa. Na kuthibitishwa kwa mtu ambaye ukoo wake umelisha ofisi nzima kinyesi, huenda kukangoja. Asiposema, anaweza kwenda jioni hii hii, akamsafishia Kijiko jiko, kesho wakute pameng'aa. Kiti kipo, mgahawa upo, Jumapili ipo. Nani ataumia?

"Sawa, mama," akasema.

Jioni alimkuta Kijiko anachambua mchele. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye friza, akafungua, akabonyeza nyama kwa kidole gumba.

"Hii imeyeyuka ikaganda tena."

"Umeme ulikatika, shemeji. Ukarudi. Ukakatika."

"Itupe."

"Yote?"

"Yote. Na ile ya chini. Kesho tunakuja."

Kijiko akafunga friza polepole. "Tunakuja? Wewe na nani?"

"Mimi na mwenye tochi. Sikiliza. Osha ubao, osha mfereji, tupa nyama. Ukikutwa msafi, yamekwisha."

"Shemeji, nikitupa nyama yote, kesho napika nini? Mawe?" Alikuwa anacheka, lakini jasho jembamba lilikuwa linamtoka juu ya mdomo. "Wewe ungeitupa? Kweli kabisa? Siku zile?"

"Nimesema itupe!"

Ile sauti ilitoka kama zamani, sauti ya kupasua vikombe, na Kijiko akasimama wima bila kujua.

"Ndiyo, Shefu!"

Shefu akaondoka ameridhika. Yeye, kati ya watu wote, alipaswa kujua kwamba jikoni "Ndiyo, Shefu" maana yake ni nimekusikia tu. Alikuwa ameisikia kutoka kwa watu waliokuwa wanaunguza wali wakati huo huo wakiitamka. Lakini mtu akishazoea kiti, masikio nayo hukaa.

Ijumaa walifika kabla ya wateja wa mchana. Mama mkwe alikuwa mahali pake mlangoni, kanga safi, mikono juu ya magoti. Aliliona gari, akamwona mkwe wake akishuka, na uso wake ukang'aa. Kisha akamwona mwanamke mwenye tochi, akakumbuka alichofundishwa na mwanawe asubuhi hiyo. Hakumtazama tena mkwe wake. Aligeuza shingo kuelekea ndani, akaita kwa sauti ya mtu anayeita mbuzi walioingia shambani:

"Shangazi ameleta mboga!"

Shefu alikuwa ameshavuka kizingiti.

Baadaye alijaribu mara nyingi kueleza kilichotokea, na kila mara kilikuwa kinazidi kuonekana uongo. Alisikia vitunguu saumu vikilia kwenye mafuta. Aliona mvuke ukipanda kutoka sakafuni, mweupe na mzuri, na ndani ya mvuke watu wakienda kwenye zamu zao bila kugongana. Kijiko alimpita na sahani mkononi na tabasamu la kumhonga malaika. Hakuwaza kitu. Hilo ndilo aliloweza kuapa: hakuwaza kitu chochote. Miguu ilimchukua kuzunguka meza, ikampitisha kando ya sinki, na magoti yale yale yaliyokataa kupanda ngazi ya kantini hayakutoa hata sauti. Kwenye kona, pale pale ambapo angeliweka mwenyewe, kulikuwa na tenga lenye magurudumu, limejaa aproni chafu. Mikono yake ikashika mpini. Akaanza kulisukuma kuelekea mlango wa nyuma, taratibu, na midomo yake ilikuwa imeshajikunja kupiga mluzi.

"Enhee!" alisema Bibi Afya nyuma yake. "Nilijua tu unaelekea mahali."

Akasimama.

Bibi Afya hakungojea mvuke ushuke. Alimpita, akaweka tochi kati ya meno, akakunja mikono ya shati na kutumbukiza mkono wa mtu mwenye shahada ndani ya aproni, mpaka kwenye kiwiko. Akavuta mfuko mweusi. Ukapasuka. Ile nyama yote ya jana ilimwagika sakafuni kwenye maji ya moto, na hapo hakuna kitunguu saumu duniani ambacho kingesaidia.

Mafuta tu ndiyo yaliyoendelea kulia.

Kijiko alikuwa amesimama na sahani yake. Alitazama nyama, akatazama mikono ya Shefu iliyokuwa bado kwenye mpini. Macho yalimtoka pima.

"Shemeji," alisema. Sauti ilikuwa ya yule kijana asiyejua kuwasha gesi. "Hata friza hukugusa? Moja kwa moja?"

Tochi ikatoka menoni, ikageuka. "Shemeji nani?" aliuliza Bibi Afya. Akamtazama Kijiko, akamtazama Shefu. "Mnafahamiana?"

Shefu alikuwa na maneno mengi, yamesongamana kama wateja wa mchana. Angeweza kusema ni shemeji yangu, na nilikuwa nalificha tenga, sikulifichua. Hapo angepoteza kiti na labda kupata ukoo wake. Angeweza kusema. Muda ulikuwepo. Hata mwenye kigugumizi angesema.

"Hatumfahamu," ilisema sauti ya mlangoni.

Mama mkwe alikuwa ameingia. Alisimama na kanga yake safi, mgongo umenyooka, na alimtazama mkwe wake jinsi watu wanavyotazama ukuta wa jirani.

"Huyu mwanangu akiwa na shida huita kila mtu shemeji," alimwambia Bibi Afya. "Asikusumbue. Sisi huyu bwana hatumjui. Ndiyo kwanza tunamwona."

Bibi Afya akamgeukia Shefu. "Kweli?"

Shefu alimtazama mama mkwe. Alitafuta kitu usoni pake, ishara ndogo, kope, kwamba anamwokoa kwa makusudi na watayazungumza Jumapili. Pengine alikuwa anamwokoa. Pengine alikuwa anamfukuza. Uso ule ulifanya yote mawili kwa utulivu mmoja, na haukumwachia nafasi ya kuchagua.

"Kweli," akasema Shefu.

"Basi umejuaje? Hilo tenga. Hujauliza, hujafungua kitu."

Watu wote wa jiko walikuwa wanangojea jibu, hata wa kuosha vyombo.

"Uzoefu," akasema.

Wakafunga mgahawa. Karatasi yenye mhuri ilibandikwa mlangoni, juu ya rangi ya bluu, na mama mkwe akachukua kiti chake mwenyewe, akakibeba kichwani, akaondoka nacho kwa miguu. Shefu alitaka kumpokea. Bibi Afya alikuwa anamwita kwenye gari.

Nyumbani cherehani ilikuwa inalia tangu mlangoni. Habari ilikuwa imemtangulia.

"Kijiko anasema ulikwenda kama umeonyeshwa njia," mkewe alisema bila kuinua kichwa. "Anasema ulimwambia atupe, akakataa, ukamkomoa."

"Nilikuwa nalificha."

"Unaficha nini?"

"Tenga. Mama alipoita, mimi nika... mikono yangu ikaenda. Nilikuwa nalitoa nje. Nakuapia."

Mkewe akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, alimcheka bila utani.

"Mbele ya bosi wako? Na tochi yake?" Akatikisa kichwa. "Tafuta uongo mwingine, mume wangu. Huo hata mtoto hawezi kuuvaa."

"Sasa kwa nini ningemfungia mdogo wako?"

"Si ulisema wiki ijayo unathibitishwa?"

Gurudumu likaanza tena.

Alithibitishwa. Bibi Afya aliwakusanya wakaguzi wote, akawasimulia jinsi mwenzao alivyoingia kwenye mgahawa wa bluu na kwenda kwenye tenga kama mtu aliyelala humo, na akasema hicho ndicho kipaji, hakifundishwi darasani. Walimpigia makofi. Shefu alishukuru kwa maneno machache, na kila mtu akasema ni mtu mnyenyekevu. Kijiko, kama Shefu alivyosikia, alikuwa anapakua saruji kwenye malori, na jioni vidole vyake havikunjiki vizuri tena.

Jumapili ya kwanza mkewe alikwenda kwao peke yake. Ya pili vilevile. Ya tatu Shefu alivaa shati la pasi akamfuata, maneno yake ameyapanga njia nzima kama mtu anayekwenda kuposa upya. Angeanza na "Mama, nisikilize mpaka mwisho."

Mama mkwe alimfungulia mwenyewe.

"Karibu, karibu sana," alisema. Akamtangulia sebuleni, akapangusa kochi kwa ncha ya kanga, akamketisha. Sebule hiyo Shefu alikuwa haijui vizuri. Siku zote aliipita tu akielekea jikoni. Akaletewa maji ya kunawa kwenye beseni la maua. Akaletewa sahani ya kigae, ile inayotolewa kabatini kwa ajili ya viongozi wa dini, na glasi juu ya kisosa. Akapakuliwa wali na nyama, nyama nyingi, vipande vizuri. "Ule, usione aibu," mama mkwe alisema, akarudi jikoni, akarudishia mlango.

Huko jikoni walikuwa wanakula. Alisikia vigoda vikivutwa. Alisikia mkewe akisema jambo, na Kijiko akimjibu, na wote wakicheka, kicheko kile cha kupaliwa.

Shefu aliinuka. Magoti yakapiga kelele. Akasukuma mlango.

Kicheko kikakatika. Walikuwa wameketi duara, mkewe kwenye ndoo, Kijiko chini kabisa karibu na jiko na mikono yake ya saruji. Mama mkwe alisimama mbele ya meza. Nyuma yake, juu ya ubao, kulikuwa na kuku mbichi aliyechinjwa kwa ajili ya jioni, anachuruzika, na chini ya shingo yake bakuli la nyanya zilizokwisha katwa.

"Mama," alisema Shefu. "Nisikilize mpaka mwisho."

Walikuwa tayari kusikiliza. Hilo aliliona, hata Kijiko alikuwa ameinua uso. Maneno yalikuwa yamejipanga. Tone likadondoka kutoka kwenye shingo ya kuku, likaingia kwenye nyanya.

"Huyo kuku," akasema Shefu, "asikae juu ya chakula kinacholiwa kibichi. Na huo ubao..."

Akasikia alichokuwa anasema.

Mama mkwe aligeuka. Kwa heshima zote alimwinua kuku kwa miguu, akamhamishia kwenye sinki. Akachukua bakuli la nyanya, akalimwaga kwenye ndoo ya takataka mbele ya macho yake, taratibu, mpaka kipande cha mwisho. Akapangusa mikono.

"Ahsante, Bwana Afya," alisema. "Tumekusikia."

Wote walikuwa wanangojea aondoke ili waendelee kula. Shefu akarudi sebuleni, akakaa kwenye kochi mbele ya sahani ya kigae, akala chakula chote mpaka punje ya mwisho, maana mgeni hapaswi kuacha chakula.